Nani Aliyemvusha Mwantumu?

Sogeeni karibu. Nitawapa watu watatu na kanga moja, nanyi mwishoni mtanipa jina. Jina moja tu, na liwe kamili.

Wa kwanza ni Eliakimu Shekalaghe, fundi mwashi wa Muheza. Kipawa chake kilikuwa kipimo. Aliweza kuutazama ukuta akiwa ng'ambo ya barabara akasema umeinama upana wa kidole, na timazi, ule uzi wa fundi wenye uzito chini, ikiteremshwa, upana wa kidole ndio huo.

Wa pili ni Athumani Kihiyo, mwalimu wa kikundi cha sarakasi kiitwacho Chui wa Muheza. Kipawa chake kilikuwa mkono. Mtu akianza kuanguka, mkono wa Mwalimu Athumani ulikuwa umekwisha kufika kabla macho yake hayajaona.

Wa tatu ni Sikudhani Semboja, msichana wa miaka kumi na minne, mwanasarakasi wa kikundi hicho hicho. Kipawa chake kilikuwa jicho. Aliona kile mtu alichofanya, akaona pia kile mtu alichodhani amefanya. Ulimi wake nao ulikuwa mkali, lakini huo hatuuhesabu kuwa kipawa.

Na yule waliyemhangaikia aliitwa Mwantumu Hemedi Mhina, mwenye miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wenzake wote. Kikundini walimwita Mlingoti. Mimi nitamwita Mwantumu, kwa kuwa ndilo jina alilopewa.

Chui wa Muheza walifanyia mazoezi ndani ya ghala la zamani la mkonge, juu ya magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi na kushonwa pamoja. Mchezo waliouheshimu kuliko yote waliuita kuvuka daraja. Mtu husimama wima na kunyoosha mikono juu. Hujikunja kinyumenyume, taratibu, mpaka viganja viguse chini na tumbo lielekee angani; hapo amekuwa daraja. Kisha hurusha mguu mmoja, na wa pili huufuata. Mwili wote hupita juu ya mikono, naye husimama tena wima, akitazama kule kule alikokuwa akitazama mwanzo. Ukiuona unafanywa vizuri utadhani ni jambo jepesi.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Anayejifunza hufungwa kiunoni kanga iliyosokotwa kama kamba, na mwalimu huishika hiyo. Siku anapovuka mbele ya watu bila kushikwa, mwenye kikundi, Bwana Yohana Mdoe, hulitangaza jina lake. Kisha humwuliza ni nani aliyemvusha. Naye hufungua kanga, humpa mtu huyo, na jina la mtu huyo hutangazwa la pili. Majina huwa mawili, hayazidi. Asiyetaja aliyemvusha haingii katika mstari wa kucheza, hata avuke mara mia.

Mwantumu alikuwa amekaa miaka miwili nje ya mstari, akitandika magunia ya wenzake.

Kilichomzuia kwanza ni woga. Alikuwa akisimama, ananyoosha mikono, anaanza kurudi nyuma, na mara tu asipoiona sakafu magoti yanakatika, anaketi kwa kishindo. Siku moja Fundi Eliakimu alikuwa humo ghalani akiziba ufa wa ukuta. Alikisikia kile kishindo mara sita. Cha saba akaweka mwiko chini.

"Binti," alisema, "nyumba hii ina kozi ngapi za matofali, kutoka kichwani pako mpaka chini?"

"Sijui, Babu."

"Geuka uhesabu."

Akahesabu kozi, mstari mmoja mmoja wa matofali. Zilikuwa ishirini na mbili.

"Sasa wewe unataka kushuka zote ishirini na mbili kwa mkupuo. Hata mimi nisingeweza. Upe ukuta mgongo. Nyosha mikono, uguse ukuta nyuma yako. Leo utashuka kozi moja, basi. Kesho tutaangalia."

"Na nikishindwa kesho?"

"Basi utabaki pale pale ulipofika leo. Ukuta haukimbii."

Fundi alitia alama ya chaki katika kila kozi. Kisha akaining'iniza timazi mbele ya mapaja ya Mwantumu na kumwambia kwamba kila anaporudi nyuma, nyonga zake ziuguse uzi. Zikiuacha uzi, uzito umehama miguuni, naye ataketi. Kazi ya ufa ilikuwa ya siku mbili. Fundi Eliakimu alikuja ghalani kila jioni kwa wiki kumi na mbili. Siku nyingine Mwantumu alishuka kozi moja, siku nyingine hakushuka hata moja. Wiki ya kumi na mbili viganja viliwekwa sakafuni. Fundi akamwambia asogee mbele hatua moja, mbali na ukuta, afanye hivyo hivyo. Akafanya. Mwantumu akawa daraja, na tangu siku hiyo hakuketi tena kwa kishindo.

Lakini daraja lisilovukwa halimwingizi mtu mstarini. Hapo ndipo Mwalimu Athumani alipoishika kanga.

Mwalimu hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila Mwantumu aliporusha mguu, yeye alimwinua kwa kanga, akamsimamisha, kisha akamtajia uzito alioubeba.

"Debe," alisema siku ya kwanza.

"Debe zima, Mwalimu?"

"Na limefurika. Rudia."

Baada ya mwezi debe likawa pishi mbili. Kisha ikawa pishi moja. Mwantumu alikwenda nyumbani akiimba siku ya pishi moja, mama yake akamwuliza kama wamegawiwa mchele.

Katika siku hizo za pishi moja kiwiko chake kilikunjika, miguu ikiwa tayari hewani. Kichwa kilikuwa kinakwenda chini, na magunia yalikuwa yamefumuka mshono na kuachana. Chini palikuwa saruji tupu. Mwalimu Athumani aliivuta kanga kwa mkono mmoja, akamtupa pembeni penye gunia. Mwantumu aliinuka mzima. Mwalimu alibaki ameinama, ameshika bega.

"Umeumia, Mwalimu?"

"Nimebeba debe tena," alisema. "Rudia. Ukienda nyumbani sasa hivi, hutarudi."

Akarudia, naye Mwalimu akamshika kwa mkono wa pili. Wiki zilizofuata pishi ikawa nusu pishi, kisha kibaba. Kwenye kibaba wakakwama. Wiki tatu nzima, jibu lilikuwa lile lile. Kibaba. Na anayebebwa kibaba bado anabebwa.

Sikudhani Semboja alikuwa akiyatazama hayo yote huku anatafuna muwa. Yeye alikuwa amevuka mwaka uliotangulia, na nafasi yake mstarini ilikuwa ya katikati, ile inayotazamwa na kila mtu. Nyuma ya ghala palikuwa na mtaro. Siku moja, wakitoka mazoezini, aliona kitu.

"We Mlingoti, hebu rudi. Ruka tena huo mtaro."

"Kwa nini? Unataka nianguke ucheke?"

"Nikitaka kucheka nakutazama ukivuka daraja. Ruka bwana."

Mwantumu akaruka. Sikudhani akamrudisha. Akamrukisha mara nne.

"Mara nne, mguu unaotangulia ni wa kushoto. Mle ndani unarusha upi?"

"Wa kulia. Si wote tunarusha wa kulia?"

"Wote, ndiyo. Wewe je?"

Hapa niwaeleze kosa la Chui wa Muheza. Kwao mstari ulikuwa lazima uwe sawasawa, miguu yote ya kulia ipande kwa pamoja. Walikuwa wamelizoea jambo hilo hata likawa sheria, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama kila mtoto aliumbwa na nguvu katika mguu wa kulia. Sikudhani alimpeleka Mwantumu mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, huyu ni wa kushoto."

"Mstari wetu ni wa kulia."

"Basi mpe katikati, avuke peke yake baada yetu sote. Watu watadhani tumepanga."

"Katikati ni pako wewe."

Sikudhani alitema kapi la muwa. "Nitakaa mwisho. Huko nako kunaonekana, kwa mwenye macho."

Mwantumu akasimama juu ya magunia. Akashuka kama alivyofundishwa na ukuta, akarusha mguu wa kushoto, akapita juu ya mikono yake, akasimama. Alisubiri kusikia kibaba. Mwalimu Athumani aliitazama kanga mkononi mwake.

"Sikubeba kitu," alisema.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, katika uwanja wa mpira. Mji mzima ulikuja, na wengine walipanda juu ya kuta ili waone. Wasichana watano walivuka kwa pamoja, miguu mitano ya kulia ikapanda kama mmoja. Kisha ngoma ikanyamaza, akabaki Mwantumu peke yake katikati, kanga kiunoni, na hapakuwa na mkono wa mtu karibu naye.

Akanyoosha mikono. Akarudi nyuma, polepole, kozi baada ya kozi, ingawa hapakuwa na ukuta. Viganja vikagusa nyasi. Mguu wa kushoto ukapanda, mrefu, ukaenda juu kuliko miguu yote iliyotangulia, na wa kulia ukaufuata bila haraka. Urefu uliochekwa miaka miwili sasa ulionekana mpaka lango la nyuma. Akasimama wima, kidevu juu, akiwatazama watu wake. Vigelegele vilianzia kwa mama yake, vikazunguka uwanja wote.

"Aliyevuka," Bwana Yohana Mdoe alitangaza, "ni Mwantumu Hemedi Mhina!"

Hakuna aliyesema Mlingoti.

"Na aliyemvusha ni nani?"

Ngoma ikaanza kupigwa tena, taratibu, kama ipigwavyo kungojea jina. Mwantumu alifungua kanga. Maandishi yake yalikuwa yamekwisha kufutika kwa jasho. Alipoinua macho aliwaona watu watatu, na kila mmoja alikuwa amesogea mbele hatua moja, bila kujua kwamba wenzake nao wamesogea.

Fundi Eliakimu ndiye aliyesema kwanza, akiwa ameshika kofia yake. "Nimejenga nyumba arobaini na moja katika mji huu. Zote zinaitwa kwa majina ya wanaolala ndani yake. Huyu binti nimemjenga kozi ishirini na mbili kwa mkono wangu, na bila kozi hizo hakuna daraja la kuvukwa. Ningependa mara moja kusikia jina la fundi."

Mwalimu Athumani alisema, "Nimevusha wanafunzi kumi na mmoja. Huyu ni wa kumi na mbili, na ndiye wa mwisho, kwa kuwa bega lililomtoa kwenye saruji halitashika kanga tena. Bila bega hilo, leo asingekuwa na shingo nzima. Sisemi zaidi."

Sikudhani alisema, "Mimi mnanijua, siombi." Kisha akaomba. "Ila bila jicho langu bado angekuwa kwenye kibaba mpaka aolewe. Na sheria inasema asiyewahi kutangazwa kuwa amevusha mtu haruhusiwi kuwashikia wengine kanga. Mwalimu anaacha. Wadogo wako saba kule ghalani. Nani atawashikia?"

Mwantumu aliitazama kanga. "Bwana Yohana," alisema, "naweza kuichana mara tatu?"

"Kanga iliyochanwa haimshiki mtu, mwanangu."

"Naweza kutaja majina matatu?"

"Unaweza, na utarudi kutandika magunia. Watu hawa wamekuja kusikia majina mawili. La kwanza wamelisikia."

Fundi alitazama chini. Mwalimu alishika bega. Sikudhani alimkazia macho Mwantumu. Na wote watatu, nasema niliyoyaona, walikuwa bado wanatabasamu kwa ajili ya yule msichana, kwa sababu ule mguu wa kushoto ulikuwa umepanda vizuri mno.

Mpiga ngoma amechoka, lakini hawezi kuacha mpaka jina litajwe. Mwantumu amenyoosha mkono wenye kanga, na amefumbua mdomo.

Mimi nanyamazia hapa. Msiniambie wote watatu. Hilo si jina. Msiniambie fundi, wala mwalimu, wala rafiki. Hayo pia si majina. Mngekuwa mmesimama pale alipo Mwantumu Hemedi Mhina, kanga mkononi, mngemwita nani?