Mpini wa Gunzi

Hapo zamani, mwaka mvua za vuli zilipokosekana, Sultani Hafithu wa Kitangani alikuwa na visu ukuta mzima, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukata kitunguu. Kimoja mpini wake pembe ya nyati, kingine gamba la kasa. Hata kisu cha kuchinjia alichorithi kwa baba yake mwaka huo kilivikwa mpini wa jino la kiboko, kikatundikwa. Waziri wake, Mbarawa, alivipaka mafuta kwa pamba kila asubuhi. Kinoo kilipigwa marufuku jumbani, kwa kuwa kinoo hukwaruza, na Sultani alipenda kujitazama uso katika bapa la kisu.

Basi mjini mle alikuwapo Mshangama, fukara ambaye watu walimwita punguani. Mali yake ilikuwa kibanda, na kibanda kilisimama kwa nguzo moja ya mpingo aliyoichimbia babu yake. Waziri akaiona ile nguzo, akaona itafaa mpini wa kisu kipya cha Sultani, na kesho yake askari wakafika na msumeno.

Mshangama akakimbilia barazani. "Bwana wangu, nguzo ikikatwa, paa litatuangukia mimi na mke wangu."

"Lakini mpini utapendeza," akasema Sultani.

"Utapendeza, bwana. Ila nasikia visu vya mpingo wafalme wa ng'ambo wanavyo tele."

Sultani akakunja uso. "Basi niletee kisu chenye mpini asiokuwa nao mfalme yeyote. Usiwe mti, wala pembe, wala mfupa, wala gamba, wala jiwe, wala madini. Kilete siku ya Idi, wageni wakione. Ukishindwa, nachukua nguzo, nawe nakupa gereza, maana hutakuwa na pa kulala."

Baraza likacheka. Waziri akacheka kuliko wote. Ndiyo kazi aliyoiweza.

"Na kisu hicho kitakuwa chako, bwana?" akauliza Mshangama.

"Cha nani tena, mpumbavu wewe? Changu!"

"Nimesikia. Na waliopo wamesikia."

Ikawa Idi ya kuchinja imeingia. Desturi ya Kitangani ni kwamba mtawala huchinja kwanza, kwa kisu chake mwenyewe, wala haazimi. Na kabla ya hapo hakuna nyumba inayochinja. Kadhi naye hukijaribu kisu kwa unyasi mkavu, ili mnyama asiteswe kwa kisu butu.

Sultani akatoa kisu cha pembe ya nyati. Unyasi ukapinda. Akatoa cha gamba la kasa, ukapinda. Cha baba yake nacho kikaupapasa tu. Waziri akawa anakimbia jumbani na kurudi, kikapu baada ya kikapu. Jua likapanda. Kondoo aliyengoja kuchinjwa akaanza kula ule unyasi.

"Visu hivi ni vya nini?" akauliza mgeni mmoja.

Hapo Mshangama akajitokeza, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kisu cha mkewe cha kumenyea muhogo, kimenolewa hadi kumetameta, na mpini wake gunzi la muhindi.

"Gunzi!" akafoka waziri. "Wamtukana Sultani mbele ya wageni?"

"Si mti, bwana waziri. Si pembe, si mfupa, si gamba, si jiwe, si madini. Nitajie mfalme mwenye nacho."

Waziri akaanza kuwahesabu wafalme kwa vidole.

Kadhi akachukua unyasi mwingine, akaugusa kwa kile kisu. Ukakatika. "Hiki ni cha nani?"

"Cha Sultani. Alikiagiza mwenyewe, nanyi mlikuwapo."

Sultani akatazama vile vikapu, akatazama mji mzima uliosimama na sufuria tupu. Akanyoosha mkono, akalishika gunzi, akachinja. Wageni wakatazama chini kwa adabu. Wanawake waliokuwa nyuma hawakuwa na adabu hiyo; kicheko chao kilifika sokoni.

Jioni waziri alionekana uani kwa Sultani, amechuchumaa mbele ya kinoo. Nguzo ya Mshangama haikuguswa.