Tango Lililonyamazisha Ngurumo

Beeeuuu!

Ndivyo ulivyonguruma usiku mmoja, wajukuu zangu, zamani hizo ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa jirani. Mji mzima ukaamka, watu wakashika majembe. "Ngurumo! Alfajiri tupande!"

Haikuwa ngurumo. Ilikuwa mbweu ya Jumbe, ameshiba matango. Lakini nani angethubutu kusema Jumbe anacheua? Wazee wa baraza walikwisha amua: sauti ikitoka kwa mkubwa, ni mvua. Basi watu wakapanda, jua likawaka. Wakapanda tena, jua likawaka tena. Mnacheka? Nanyi mngepanda!

Aliyechoka ni mjane mmoja wa bondeni. Mahindi yake yote yalikuwa yamekaukia mchangani. Akajisemea, "Mvua siiwezi. Tumbo la Jumbe nitaliweza."

Msimu baada ya msimu akaonja matango yake. Lililo chungu, lenye kucheusha, la mbuzi. Lililo tamu, la mbegu. Akajenga chanja ili mitambaazi ipande juu, akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, akachuma mapema kabla mbegu hazijakomaa. Akapata tango refu, jembamba, la ganda laini. Akampelekea Jumbe kapu zima.

Jumbe akala. Usiku, kimya. Wa pili, kimya. Watu wakalala, loo, wakalala!

Baraza likahaha. "Mvua imefungwa!" akalia Mzee Makungu, mkuu wa baraza. "Kaifunga yule wa matango!"

Na desturi ya mji ilikuwa hivi: mshitakiwa hatajwi jina. Jumbe akimtaja, ameachiliwa; siku saba zikipita hajamtaja, shamba lake huliwa na baraza. Makungu alikuwa amekwisha pima bustani kwa hatua, mara mbili.

Siku ya saba mjane akasimama barazani. Hakuwa na kingine duniani ila zile chanja.

"Wewe yule! Mvua umeificha wapi?"

"Baba Makungu, tumbo si wingu."

"Tumbo la nani?"

"Muulize mwenyewe, si umekaa naye?"

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Mjane akamtazama Jumbe. Jumbe akajishika tumbo, akakohoa.

"Makungu, zile ngurumo zilikuwa zangu."

"Za mbingu, Jumbe wangu!"

"Za matango, Makungu! Matango machungu, na wewe ukinipepea huku ukisema nimebarikiwa! Miaka sijalala!"

"Hata mimi, Jumbe," akanong'ona Makungu.

Basi, wajukuu, mkimsifu mkubwa mpaka mbweu yake iwe mvua, msililie mbegu zenu. Kisa nimekitua hapa chini. Mwenye mgongo akibebe. Neno la mwisho si langu, ni la Jumbe, aliyeinuka kitini, akamwelekea yule mjane, akasema mji wote ukisikia:

"Mwanatumu binti Kingwaba."