Kamba ya Mafundo Tisa

Paukwa!

– Pakawa!

Pakawa nini?

– Pakawa magugu!

Yamefika wapi?

– Yamefika gotini!

Basi kaeni vizuri. Na anayepukuchua mahindi asisimamishe mkono, ngano yangu haimngoji mvivu.

Hapo kale, katika bonde moja lenye udongo mweusi, wanyama walilima kwa ngwe. Kila mmoja alikuwa na ngwe yake, na mpaka wake ulikuwa jiwe. Bonde lile lilikuwa na sheria moja tu, na sheria hiyo ilikaa mguuni kwa Bibi Korongo. Mvua ikishakolea na mahindi yakishainuka, Bibi Korongo alitoka asubuhi moja iliyojulikana na wote akapita kila ngwe, hatua kwa hatua, tapu, tapu, tapu. Magugu yakimgusa goti, mavuno yote ya ngwe hiyo yanakwenda kwa jirani. Siku hiyo waliiita Siku ya Goti. Hapakuwa na rufaa wala hongo, maana goti halili.

Kindi alikuwa na ngwe yake, na jirani yake alikuwa Nguruwe Mwitu. Kindi ni yule mnayemjua, mdogo, mkia mkubwa kuliko mwili. Nguruwe alikuwa na nguvu za watu sita na tumbo la watu kumi na wawili. Hakuwa na haja ya kupalilia mapema. Alilala mpaka zikabaki siku mbili, kisha akaingia na pua yake, furu, furu, furu, ngwe nzima ikawa safi.

Sasa mimi simpambi Kindi. Kindi naye alikuwa mtu wa kesho. Ukimwambia magugu yameota, atakuambia bado kidogo. Alikuwa akisimama mpakani, analitazama shamba lote kwa mara moja, moyo unamwishia, anarudi kulala. Mwaka uliotangulia, Siku ya Goti ilimkuta hivyo hivyo. Nguruwe akala mahindi yake mpaka gunzi la mwisho, na watoto watatu wa Kindi wakala mizizi michungu mpaka midomo ikavimba. Kindi alilia sana. Simlaumu kwa kulia, namlaumu kwa siku zote alizolala kabla ya kulia.

Mwaka huu tena, zikiwa zimebaki siku tisa kufika Siku ya Goti, Kindi alikuwa amekaa kizingitini anajikuna mkia. Mtoto wake mdogo akaja, akamuuliza bila hasira yoyote:

"Mama, mwaka huu tutachimba mizizi upande gani? Upande ule wa mto tuliimaliza."

Kindi alisimama. Neno lile lilimchoma kuliko mwiba, na siku hiyo aliapa kwamba watoto wake hawatatafuna mzizi tena, liwalo na liwe.

Alichana ganda la mgomba, akasokota kamba. Halafu akaenda shambani, lakini safari hii hakusimama mpakani kulitazama shamba lote. Alianza pembeni, akatembea kidogo, akasema: hapa pananitosha kutwa moja. Akafunga fundo. Akatembea kidogo, akasema: hapa kutwa ya pili. Akafunga fundo. Akaenda hivyo, kipande kwa kipande, mpaka akalifikia jiwe la jirani. Siku tisa, mafundo tisa. Kamba akajifunga kiunoni, akashika jembe, akaimba:

*Fundo moja, kazi moja,*
*likifunguka, napumzika.*

Siku ya kwanza akalima, kwachu, kwachu, kwachu. Jua likashuka mpaka kwenye mti wa msele, ule wa upande wa machweo, fundo moja likafunguka, fyu. Akaenda nyumbani, akala, akalala.

Siku ya pili akalima, kwachu, kwachu, kwachu. Mgongo ukamuuma. Akauambia mgongo, wewe uma, mimi nalima. Fundo la pili likafunguka, fyu.

Siku ya tatu Nguruwe akapita, akaona tuta limenyooka, hakupendezwa. Maana mahindi yale alishayala kichwani. Akamsalimu Kindi kwa sauti ya asali, akamwambia ng'ambo ya kijito mapera yameiva, yanaanguka yenyewe, twende jirani, magugu hayana miguu, utayakuta. Na kweli Kindi anapenda mapera. Mguu mmoja ulikwisha kutoka shambani, nawaambieni. Akashika kamba, akahesabu mafundo kwa kidole, akaurudisha mguu. Akasema mapera atayala jioni, kwa sasa ana fundo. Kwachu, kwachu, kwachu. Fyu.

Siku ya nne, fyu. Siku ya tano, fyu. Siku ya sita Kindi alikuwa ndiyo kwanza amelifungua fundo la siku hiyo, Nguruwe akaja anakoroma, macho mekundu.

"Bi Kindi, hiyo kamba ina dawa. Nipe."

Meno ya Nguruwe mnayajua. Kindi alikuwa na watoto watatu na roho moja tu, akaivua kamba akampa. Lakini wakati anaivua, akili ilikuwa inakwenda mbio. Akaitazama kamba mkononi mwa Nguruwe, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Chukua, Bwana Nguruwe. Ila itakuaibisha."

"Kwa nini iniaibishe?"

"Hii ni kamba ya mtu mdogo. Mwenye ngwe moja na mafundo tisa. Wewe utaivaa wapi? Mkubwa kamba yake huburuta chini."

Nguruwe akaitazama kamba ile, akaiona kweli ni fupi. Akauliza basi ya mkubwa hufungwaje. Kindi akamweleza polepole, kama anayempa siri ya ukoo. Kwanza unasokota kamba ndefu kuliko zote. Halafu unafunga fundo kwa kila kazi uliyo nayo na kila kitu unachokitaka. Ngwe yako, fundo. Mahindi ya Kindi, fundo. Karanga za Nungunungu, je, huzitaki? Nguruwe akasema anazitaka. Fundo. Na viazi vya Kanga? Mate yakamtoka Nguruwe. Fundo.

"Na usiguse kazi hata moja kabla hujamaliza kufunga," Kindi akasema. "Ukisahau jambo moja tu, dawa imeharibika."

Nguruwe akaondoka mbio na ile kamba fupi mdomoni, ardhi inatikisika, puu, puu, puu.

Kindi akabaki na siku tatu na hana kamba. Akageuza mkia wake, akafunga mafundo matatu kwenye manyoya. Yaliuma. Akashika jembe.

Siku ya saba Kindi akalima, kwachu, kwachu, kwachu. Nguruwe akawa anachana migomba na kusokota. Siku ya nane Kindi akalima, kwachu, kwachu, kwachu. Nguruwe akawa anafunga. Kila alipofikiri amemaliza, alikumbuka kitu kingine anachokitaka. Boga la Ngedere, fundo. Choroko za Panya, fundo. Kupumzika baada ya kula choroko za Panya, fundo. Akaitandaza kamba yake, akairudia toka mwanzo, akaisifu. Roho yake ilitulia kabisa, akajiona amefanya kazi kuliko bonde zima. Magugu kwake yalikuwa yanamfika tumboni, yeye hayaoni, anatazama kamba.

Siku ya tisa jua lilipofika kwenye mti wa msele, Kindi alilifungua fundo la mwisho la mkia wake, akakaa chini kwenye udongo safi. Alikuwa amechoka mpaka sauti imemkauka, na alikuwa na furaha.

Kesho yake ikawa Siku ya Goti. Bibi Korongo akaja, tapu, tapu, tapu. Akapita ngwe ya Kindi toka jiwe mpaka jiwe, goti halikuguswa hata na jani. Watoto wa Kindi walikuwa wamesimama mpakani wameshikana mikono, hawapumui. Bibi Korongo akatikisa kichwa kukubali, akavuka kwenda kwa Nguruwe. Hatua ya kwanza tu, goti halikuonekana tena.

Nguruwe akatokea amejizungushia kamba mwili mzima, inaburuta nyuma yake. Akasema asiharakishwe, kila kitu kimepangwa, mafundo mia tatu na kumi na moja, ngwe yake ni fundo la kwanza, aangalie mwenyewe.

"Hongera kwa kamba," akasema Bibi Korongo. "Mimi hukagua kwa goti."

Nguruwe akaomba siku mbili, siku mbili tu. Bibi Korongo alikuwa ameshavuka kwenda ngwe ya tatu. Mavuno ya Nguruwe yakawa ya Kindi. Kindi akachukua jembe, akaingia kwenye magugu yale asubuhi ile ile, akaanzia pembeni.

Nguruwe akaingia porini kutafuta mizizi. Ndiyo maana mpaka leo ukikutana na nguruwe mwitu utamwona anafukua hapa kidogo, anaacha, anafukua kule kidogo, anaacha, anakoroma. Kazi zake ni nyingi, hajui aanze na ipi.

Ngano yangu imefika ukingoni, jembe nimelilaza. Iliyo nzuri ibebeni, iliyo mbaya niachieni mimi nitaila.

Mnataka funzo? Haya, shikeni funzo. Kupanga kazi ni hatari, wanangu, kulimponza Nguruwe mwenye nguvu za watu sita. Kwa hiyo msipange lolote. Lazeni mgongo, magugu hayana miguu, na kesho ni jirani mwema sana, haijapata kumwangusha mtu.

Ila Bibi Korongo akipita kwenu akawauliza ni nani aliyewafundisha hivyo, mimi simo.