Saa Iliyofufuka ya Bi Mize

Hebu fumbeni macho muione saa ya kale ya mbao juu ya rafu, timazi lake la shaba likiyumba: tik, tak. Bi Mize, fundi saa, aliinunua kwa tajiri Thuweni ikiwa imekufa, imejaa viota vya nyigu. Aliisafisha mwezi mzima hata ikaamka. Kesho yake Thuweni akaja na sheha, mkuu wa mtaa.

"Nilikuuzia saa iliyokufa," alisema. "Hii ni hai. Hai sikuuza!"

Sheha alikuna ndevu. "Mh! Kweli, hai hakuuza."

"Basi ikiwa hai, yako, bwana," alisema Bi Mize kwa upole. "Ikifa, yangu. Waonaje?"

"Wallahi nimekubali, sheha shahidi!"

"Haya, jichukulie."

Thuweni aliinyanyua. Timazi liligonga ubavu wa saa, likasimama. Kimya.

"Hiyo yangu, bwana. Irudishe rafuni."

Bi Mize alilisukuma timazi kwa kidole. Tik, tak. Thuweni akainyanyua tena, polepole, kama mtoto aliyelala. Kimya.

Mara ya saba sheha alimshika mkono. "Iache, ndugu yangu. Inakufa kila ukiigusa."

Nanyi mkinunua saa ya kale, wanangu, tafadhali kumbukeni hili moja: saa ya timazi haikubali kubebwa ikiwa hai.