Kofia ya Nadhiri ya Bi. Mwanamkuu

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwisho wa kisa hiki nitauliza swali, na atakayenijibu "sijui" ndiye atakayeosha vikombe.

Hapo Lamu palikuwa na watu wanne, kila mmoja na kipaji chake. Bi. Mwanamkuu alishona kofia za viua, zile zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi, na kazi ya mkono wake ilijulikana mpaka Unguja. Mumewe, Mzee Famau, kipaji chake kilikuwa subira, ingawa mbele ya halua subira hiyo ilimtoroka. Bwanaadi alikuwa mfuaji wa kofia, na hakuna doa lililompita. Wa nne, Daktari Mutiso, mtu wa bara, alijua kuona ndani ya jicho la mtu.

Siku moja Bwanaadi aliinua juani kofia mpya ya Bi. Mwanamkuu aikague. Mwanga ulipopenya kwenye viua, akaona safu inakwenda upande. Akainua nyingine ya mkono uleule, nayo vilevile. Wavaaji hawakuwa wametambua. Kumwambia fundi kwamba safu zake zimepinda ni kama kumtukana, na Bwanaadi alilijua hilo, lakini aliichukua ile kofia, akaenda kupiga hodi kwa Bi. Mwanamkuu.

"Dada, macho yako yana nini?"

"Yana haya kuliko ulimi wako," Bi. Mwanamkuu akamjibu. "Wewe fua. Sindano niachie mimi."

Lakini aliipapasa ile kofia kwa vidole, na kweli, safu ilikwenda upande. Miezi mingi alikuwa akishona kwa mazoea tu. Ukungu wa macho aliusingizia uzee, mara uzi mbaya, mara kijicho cha watu. Sukari alikuwa nayo mwaka wa tisa, ila kwake sukari ilikuwa ugonjwa wa miguu. Sasa aliogopa hasa. Asiposhona, yeye ni nani? Papo hapo, mbele ya Bwanaadi na mumewe, akaweka nadhiri: "Nikijaliwa kushona tena safu iliyonyooka, kofia hiyo nitamvisha aliyeniokolea macho."

Akaenda kliniki ya macho. "Nipe miwani yenye nguvu, mwanangu, niende zangu," akamwambia Daktari Mutiso.

Daktari angeweza kumpa amalize haraka, maana foleni ilikuwa ndefu. Hakumpa. Alimtia dawa ya kupanua mboni, akangoja, akachungulia.

"Mama, miwani haitafaa. Sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, inavuja. Ungekawia, ungeamka siku moja huoni kitu."

Akamtibu kwa mwanga wa leza, nukta baada ya nukta, kwa mkono usiotikisika.

"Nukta ngapi hizo?"

"Mamia, na hata moja hairuhusiwi kwenda upande."

"Kumbe na wewe ni fundi wa viua!" Bi. Mwanamkuu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Lakini sikiliza, mama. Sukari isiposhuka, patavuja mahali pengine."

Hapo ndipo Mzee Famau alipoachana na halua. Yeye hakuwa mgonjwa, mzima kama jiwe la kusagia! Lakini aliitoa sukari nyumbani, akapima wali wa mkewe kwa kikombe, akamkumbusha dawa, akatembea naye kila asubuhi. Ramadhani nzima hapakupikwa kaimati za shira mle ndani. Kaimati, jamani!

"Unajitesa bure, mume wangu. Mgonjwa ni mimi."

"Halua itanipitaje kooni, nawe umenikodolea macho?"

Mwaka ukapita. Sukari ikashuka, ukungu ukapungua. Bi. Mwanamkuu akashona kofia moja kwa miezi mitano, saa moja kwa siku, kama daktari alivyomruhusu. Siku moja kabla ya Idi akaiinua juani mwenyewe. Safu zote zilinyooka. Akalia, akawaita wote watatu.

"Mpe daktari," Bwanaadi akasema. "Mimi nilisema neno tu."

"Neno hilo ndilo lililomleta kwangu kwa wakati," daktari akasema. "Na kazi yangu ingeharibika kwa mwaka mmoja wa kaimati. Mpe mumeo, mama."

"Mume hatuzwi kwa kumpenda mkewe," Mzee Famau akasema. "Na bila Bwanaadi, mpaka leo ningekuwa namlisha halua kwa mkono wangu. Mpe yeye."

Bi. Mwanamkuu alibaki na kofia juu ya ngumi yake. Nadhiri ilitaja kofia moja, na kofia ni ya kichwa kimoja. Akawatazama: tone la jasho kwenye pua ya Bwanaadi, wino kwenye kidole cha daktari, mvi mpya katika ndevu za mumewe ambazo hakuwahi kuziona. Aliwaona wote watatu vizuri, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika kuona huko.

Kesho ni sala ya Idi, na nadhiri haingoji. Haya, vikombe viko pale. Je, wewe ungemvisha nani?