Bi Kware Apiga Hodi kwa Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo chui alikuwa na nyumba yenye mlango na fisi akivaa kanzu, kila vuli ndege wa mbali walipita nchi hiyo kwa maelfu. Na kila vuli Chui na Fisi waliwawinda.

Bi Kware, kajitu kadogo hivi, mumewe aliliwa vuli iliyopita. Mwaka huu dada yake alikuwa njiani na vifaranga sita. Basi akaenda barazani kwa Mzee Ndovu, mwamuzi wa nchi hiyo, akawakuta Chui na Fisi wamekaa.

"Mzee, naomba uwindaji huu upigwe marufuku."

"Marufuku?" Chui akanguruma. "Babu yangu aliwinda vuli, baba yangu aliwinda vuli. Hii ni mila!"

"Kwa hiyo, Bwana Chui, mila haivunjwi?"

"Haivunjwi!"

"Hata ikimuumiza mtu?"

"Hata ikimuumiza! Andika hivyo, Mzee Ndovu!"

Ndovu akaandika. Msimu ungeanza kesho, jua likichomoza. Fisi akacheka mpaka kanzu ikataka kumvuka. Bi Kware akatoka analia, na alilia kweli, maskini, lakini akili yake haikulala.

Asubuhi Chui alikuwa ndani akinoa kucha. Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi humu ndani!"

"Karibuni!" akajibu Chui bila kufikiri, kama ambavyo mimi na wewe tungejibu.

Puruuu! Akaingia Bi Kware, dada yake, vifaranga sita, na nyuma yao korongo, mbayuwayu na mabata, wakajaa mpaka uvunguni mwa kitanda.

Chui akainua kucha. "Lo! Chakula kimejileta chenyewe!"

"Thubutu!" Ndovu alikuwa dirishani, Bi Kware alimpitia njiani. "Umewakaribisha. Mgeni aliyekaribishwa haguswi, na hulishwa mpaka aage mwenyewe. Hiyo ni mila. Na mila haivunjwi, nimeandika."

"Wala hatuna haraka, mwenyeji wetu," akasema Bi Kware. "Kuna uji?"

Chui akatwanga mtama. Akapika, akaosha vyombo, akatwanga tena. Kwa Fisi nako walipiga hodi ndege heroe sitini, akawakaribisha vilevile, mjinga yule. Siku ya tisa wote wawili walikimbilia barazani, mikono imejaa malengelenge.

"Mzee," Chui akasema huku analia, "ile marufuku... bado inawezekana?"

Ndovu akaandika marufuku siku ileile. Ndege wakaaga, wakaruka. Bi Kware akahesabu vifaranga vya dada yake angani: sita, wote wazima.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukitetea mila kwa kuwa inakushibisha wewe, uwe tayari siku itakapokudai uwashibishe wenzako.