Shauri la Uji

Kesi huahirishwa, uji hupoa.

Maneno hayo Bibi Gwantwa alimtupia dada yetu Tusekile, anayesomea sheria, aliyekuwa amekuja likizo na sanduku la vitabu zito kuliko yeye mwenyewe. Bibi alikuwa amemwita mezani, naye akajibu kutoka chumbani kwamba anaomba muda kidogo amalizie ukurasa. Ukurasa wenyewe ulikuwa ule ule wa juzi. Sisi wengine tukacheka, kisha tukauliza msemo huo umetoka wapi, maana huku kwetu kila mtu anausema na hakuna anayemjua mwenye nao. Bibi akasema mwenye nao yupo, hajafa, na asubuhi hiyo goti lilikuwa linamuuma. Tusekile naye akatoka chumbani kusikiliza. Basi mwanzo wa msemo ule, kwa kinywa cha bibi, ndio huu.

Zamani, pale kilimani ambapo siku hizi kuna ghala la chai, palikuwa na chuo cha sheria. Sisi tulikaa chini yake, mimi na baba na mama, nami nilikuwa nafundisha darasa la pili. Msinitazame hivyo. Nami nilikuwa msichana, na miguu hii mnayoiona imevimba ilikuwa na watu wake wa kuigeuzia shingo.

Kila alfajiri nilipanda kufuata maziwa kwa jirani wa juu, na kila alfajiri kijana mmoja wa chuo aliteremka akikimbia. Jina lake Lwitiko. Alisema asipokimbia asubuhi, vifungu vya sheria vinamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alikimbia vibaya, mikono ikipepea kama mtu anayefukuza kuku shambani, lakini alikimbia. Ukungu wa kwetu mnaujua: ungeisikia miguu yake kitambo kabla hujamwona mwenyewe. Mwanzoni alinisalimu akapita. Baadaye akawa anageuka na kunibebea ndoo ya maziwa, jambo ambalo halijamwongezea mwendo mkimbiaji yeyote duniani.

Mama aliona. Akaniambia, "Mwite huyo mgonjwa wa mbio aje anywe uji, asije akafia mlangoni kwangu tukapata kesi."

Ndivyo Lwitiko alivyoanza kunywa uji wa ulezi jikoni kwetu, bakuli amelishika kwa mikono miwili, akitusimulia mambo ya chuoni hadi mama anafuta machozi kwa kanga. Alikuwa na afya ya punda. Alilala mapema, alikula akashiba, alikimbia, na darasani alikuwa wa mbele. Sijawahi kuona mtu mwingine aliyefurahi kwa vitu vichache namna ile. Mkiniuliza leo ninatamani nini katika ujana wangu, sitawatajia ngoma wala magauni. Nitawaambia ni ule mvuke uliokuwa ukipanda mbele ya uso wake.

Mwaka wa pili akachaguliwa kusema katika mahakama ya mazoezi. Hiyo ni mahakama ya mchezo: wanafunzi ndio mawakili, walimu ndio majaji, na mshtakiwa ni mwanafunzi yeyote aliyeshindwa kukataa. Lakini mwaka ule walialikwa majaji wa kweli, na ilisemekana kwamba atakayesema vizuri kuliko wenzake atachukuliwa akafanye kazi mji mkuu. Lwitiko akaingia maktaba, na maktaba ikamfunga mlango.

Asubuhi ya kwanza ambayo sikusikia miguu yake, nilipanda hadi dirisha la maktaba alipokuwa akisoma, na uji ndani ya chupa ya chai. Akatoa kichwa, akaweka mkono kifuani, akasema, "Mheshimiwa, upande wa mlaji unaomba shauri la uji liahirishwe hadi kesho."

Nami nikakaza uso. "Limeahirishwa. Mlaji anaonywa."

Tulicheka mpaka mkutubi akakohoa.

Ukawa mchezo wetu. Kesho yake uji uliahirishwa tena, halafu mbio zikaahirishwa, halafu usingizi. Hata kuoga kuliahirishwa, na katika hilo ushahidi ulifika kabla ya shahidi. Nilicheka sana, hadi siku moja nikagundua nacheka peke yangu. Suruali alikuwa ameifunga kwa kamba. Alikuwa akisoma mstari, anaurudia, anaurudia tena, kisha ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeufuta. Aliniambia kwamba akijilaza, vifungu vinajisoma vyenyewe kichwani, na kwamba kuna nyakati anaogopa wala hajui anaogopa nini.

Nikamsihi apumzike. Akanieleza taratibu, kama mnavyonieleza mimi habari za simu, kwamba kuahirisha si kufuta. Shauri lililoahirishwa hukaa palepale lilipoachwa. Tarehe ikifika, pande zote hurudi, na kila mmoja humkuta mwenzake alivyomwacha. Uji, usingizi, mbio, na mimi pia, vyote alikuwa ameviweka mahali salama. Angevirudia baada ya mashindano.

Hapo nikajua utani umekwisha. Mtu yule aliamini kabisa anayoyasema. Sisi wengine tuna makosa yetu mengi, lakini kosa lile lilihitaji elimu.

Sasa, wakati huohuo kulikuwa na bwana mifugo mmoja, Mwakipesile, mtu mpole mwenye baiskeli, aliyekuwa ametuma wazee kwa baba kuniposa. Ndiyo, huyohuyo, babu yenu. Baba hakuwajibu. Aliniita akaniuliza mimi, na kwa siku zile hiyo ilikuwa heshima kubwa. Nikamwambia yupo mwingine. Baba akasema basi wazee wa huyo mwingine waje Jumapili tuwasikie, maana si adabu kumning'iniza mtoto wa watu kama nyama ya kukausha.

Nikampelekea Lwitiko habari hiyo. Akasema watakuja. Mama akaazima viti kwa majirani, akachinja jogoo ambaye tulikuwa tumeshampa jina. Tukakaa. Jua likaizunguka nyumba. Mchuzi ukaganda mafuta juu. Baba akavua koti lake la kanisani, akalikunja, akaingia ndani.

Nikapanda kilima. Nikamkuta maktaba, na nikafahamu kwamba hata ujumbe hakuwa ametuma kwao. Hakunikataa. Wala hakusahau. Alinitazama kwa macho mekundu, akaniomba Jumapili nyingine, baada ya mashindano. Nikamwuliza kama anajua anachokiahirisha. Akasema anajua, ndiyo maana anakiahirisha kwa uangalifu.

Niliteremka. Njiani nililia kidogo, kisha nikapenga kamasi, maana mwalimu wa darasa la pili hafundishi watoto kupenga halafu yeye mwenyewe afike kwao hivyo. Nikamwambia baba amjibu bwana mifugo kwamba nimekubali. Msidhani nilikuwa na hasira. Hasira naijua. Nilikuwa nimechoka kukaa mahali salama.

Siku ya mashindano sisi watu wa chini ya kilima tulialikwa, nami nilikwenda nikakaa nyuma kabisa. Lwitiko akaitwa. Akasimama, joho limemmeza, akafungua kinywa. Akatazama karatasi zake, akawatazama majaji. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Waheshimiwa, naomba shauri liahirishwe."

Jaji aliyekaa katikati akamwuliza sababu.

Lwitiko akafikiri. Ukumbi mzima ukangoja. Nikauona uso wake ukiitafuta sababu kama mtu anayepapasa mfuko wenye tundu, halafu akaanguka juu ya meza ya vitabu.

Hospitalini daktari hakukuta ugonjwa wenye jina la kutisha. Alisema mtu huyu ana njaa, hajalala, tumbo lina vidonda vya kahawa, na akili imegoma kama ng'ombe aliyelimishwa bila kulishwa. Akaamuru alale. Lwitiko, ambaye alikuwa ameukimbia usingizi muda wote ule, akalala kama aliyelipwa kulala.

Nilimpelekea uji. Nilimkuta bado amelala, sikutaka kumwamsha. Nikakaa na bakuli mapajani, nikiutazama mvuke unavyopanda, unavyopungua, hadi ukaisha. Alipofumbua macho, uji ulikuwa umefunga utando.

"Gwantwa," akasema. "Sasa niko tayari."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote. Nitakula, nitalala. Jumapili hii wazee wangu watakuja kwenu, nitawaleta mwenyewe hata kwa kuwabeba."

"Baba ameshajibu kwa bwana mifugo, Lwitiko. Mimi ndiye niliyemwambia ajibu."

Akatazama dari, kisha akasema, "Nipe tarehe nyingine."

"Sina."

"Lakini liliahirishwa tu, halikufutwa. Wewe mwenyewe uliliahirisha. Ukasema naonywa." Na akajaribu kutabasamu. Angelia, ningevumilia. Lile tabasamu ndilo lililonishinda.

"Kesi huahirishwa, Lwitiko," nikamwambia. "Uji hupoa."

Nikamwinua, nikamshikia bakuli. Akaunywa hivyohivyo, wa baridi, na utando wake, hadi chini. Alipomaliza akaniambia ulikuwa mtamu. Alikuwa na ulimi wa wakili, lakini utetezi ule haukusimama hata dakika.

Alirudia mwaka. Nilisikia kwamba anakula, kwamba saa ya kulala ikifika anafunga kitabu hata kama sentensi haijaisha, kwamba ameanza tena kutembea, kisha kukimbia. Alifaulu vizuri. Mimi sikuyaona hayo. Nilikuwa nimeolewa na kuhamia bondeni, kwenye kazi ya babu yenu. Na babu yenu alikuwa mtu mwema, msije mkachezea jina lake. Nilicheka naye miaka mingi, na siku aliyokwenda nilimlilia kwa machozi ya kweli. Mtu anaweza kushiba na bado akakumbuka chakula kingine. Mtaelewa mkikua, ingawa naona baadhi yenu hapa mmeshaanza kuelewa na mnatazama chini.

Miaka ikapita. Siku moja nilikuwa sokoni, wilaya ya mbali kabisa na kilima kile, nanunua maharage. Mama aliyekuwa akiuza alikuwa anamgombeza mumewe, karani wa mahakama, aliyekuwa amesimama na faili kwapani hataki kula mpaka amalize kazi. Mama yule akamwambia, "Wewe, wahenga walisema kesi huahirishwa, uji hupoa."

Maharage yakanimwagika.

Nikamwuliza mume wa mama yule maneno yale ameyatoa wapi. Akasema ni ya chuoni. Kuna mwalimu mmoja wa sheria ambaye kila alfajiri huingia maktaba na kaptula, akawatoa wanafunzi nje wakimbie. Wakirudi huwasimamia hadi wamalize uji, tena ungali wa moto. Anayemwona ana moyo mzito humwita pembeni, akatembea naye, hata kama kuna somo. Na ukimwomba dakika moja tu ya kumalizia ukurasa, hukutazama muda mrefu, kisha husema maneno hayo. Wanafunzi wake wametawanyika wilaya zote, na kila aliyeondoka ameondoka nayo.

"Ni msemo wa wahenga," mama yule akanihakikishia.

Nikamwambia wahenga ni mimi. Akaniongezea kibaba cha maharage bure, akidhani naumwa.

Nilisogea pembeni ya soko nikasimama. Miaka yote nilidhani maneno yale yalibaki katika chumba kile cha hospitali, pamoja na bakuli. Kumbe alikuwa akiyasema kila asubuhi, mbele ya watu wasiojua anazungumza na nani. Mzima, ameshiba, anakimbia. Nikajiambia hilo linanitosha. Nimekuwa nikijiambia hivyo hadi leo, na kuna siku naelekea kuamini.

Sasa mnasema bibi anaamka mapema kwa sababu ya uzee. Haya, semeni. Lakini ukungu ukishuka hapa kwetu alfajiri, masikio yangu hutoka nje peke yao, hayajui kwamba niliolewa, hayajui kwamba nina wajukuu. Yanangoja miguu ya mtu anayekimbia vibaya. Nayaacha yangoje kidogo, kisha nakwenda kuwasha moto.

Haya, Tusekile, mama. Sijasema usisome. Soma, utusaidie, ukoo huu una kesi za mipaka za kukutosha hadi uzeeni. Ila vitabu vyako vitakungoja, kungoja ndiyo kazi yao. Mwili wako haukuajiriwa kazi hiyo. Moyo nao haukuajiriwa, wala anayekupenda. Vuta kiti.

Kesi huahirishwa, uji hupoa.